Mapostamasta wa Mombo Walikuwa Akina Nani?

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu babu yetu alifanya kazi posta ya Mombo, mkoani Tanga, na hadi anafariki watu walimwita Bwana Posta. Baada ya arobaini tumefungua kasha lake la bati tukakuta bahasha zinazokaribia mia, nyingine zimeliwa na mende. Mjomba anataka tuzilowanishe, tubandue stampu, tukauze. Mimi nataka kujua posta ile ilianzaje, na majina ya mapostamasta waliomtangulia babu nitayapata wapi. – Mjukuu, Korogwe.

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana na msiba. Naanza na mjomba, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki. Mwambie, kwa heshima zote, aliweke beseni chini. Stampu iliyobanduliwa imebaki picha tu. Bahasha nzima inakuambia barua ilitoka posta gani, tarehe gani, ilikwenda kwa nani na ilipita wapi. Kwa posta ndogo kama ya Mombo, hizo bahasha zenu ndiyo historia yenyewe.

Mji wenyewe ulikuzwa na reli. Wajerumani walianza kujenga njia kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Muheza 1896, Korogwe 1902, na Mombo 1905. Hapo reli ikasimama kwa miaka kadhaa. Buiko haikufikiwa hadi 1909, na Moshi 1911. Kwa hiyo kuna kipindi Mombo ndiyo ilikuwa mwisho wa garimoshi, na mifuko ya barua ya kwenda Usambara juu au Upare ilishushwa pale. Za Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal, zilipanda mlima kilometa thelathini na ushei. Mihuri ya Kijerumani yenye jina la Mombo ipo na watu wanaitafuta. Ukikuta kwenye kasha stampu yenye picha ya meli na neno Heller, ujue ni ya kuanzia 1905 hivi, baada ya rupia moja kuanza kugawanywa heller 100. Kabla yake ilikuwa pesa 64.

Kuna jambo la jirani zenu ambalo watu wa Mombo wengi hawalijui. Mwaka 1916, stampu zilipokuwa zinawaishia Wajerumani kwa ajili ya vita, walichapisha nyingine kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, huko huko milimani juu ya Mombo. Kabla hazijatumika, meli iitwayo Marie ikapenya na shehena kutoka Ujerumani, na ndani yake mlikuwa na stampu. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa Waingereza, zikafukuliwa baada ya vita.

Waingereza wakaichukua Mombo mwaka huo huo. Mwaka 1917 zikaja stampu zilizogongwa herufi G.E.A., yaani German East Africa, na 1922 zile za kichwa cha twiga za Tanganyika. Mwaka 1933 posta yetu ikaunganishwa na ya Kenya na Uganda, na tangu 1935 stampu zikabeba majina yote matatu. Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu muungano huo unagusa utafutaji wako: karani wa Mombo aliajiriwa na shirika lililotawaliwa kutoka Nairobi, na baadaye, baada ya mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967, kutoka Kampala. Karatasi za ajira za babu huenda hazikukaa Tanga hata siku moja. Kama kuna barua ya kuajiriwa au ya uhamisho humo kashani, itunzeni kama hati ya shamba.

Sasa majina. Nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uombe Gazeti la Serikali la enzi za Tanganyika. Nakutahadharisha usivunjike moyo: walioandikwa humo zaidi ni wakubwa wa Kizungu. Mwafrika aliyekaa kaunta, akahesabu fedha za hawala za manamba wa mashamba ya mkonge, akawasomea barua zao na kuwaandikia majibu, jina lake halikuonekana la kuandikwa. Linaniuma sana jambo hili. Kwa hiyo pitia pia magazeti ya Kiswahili: Kiongozi la Tanga la wakati wa Mjerumani, na Mambo Leo lililoanza 1923. Makarani walikuwa wasomaji na waandishi wa magazeti hayo. Na ni makarani wa Tanga, Martin Kayamba akiwa mbele, walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mwaka 1922.

Mimi mwenyewe nilikuwa karani wa posta kwenye mji mdogo mwingine wa reli. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, postamasta alichukua kibano, akachomoa vyuma vya tarehe ya jana kwenye muhuri, akapachika vya leo, akaugonga mara moja kwenye daftari na kutia sahihi pembeni. Ndipo sanduku la barua lilipofunguliwa. Daftari moja la namna hiyo lina majina ya kila aliyeshika ofisi, siku kwa siku, pamoja na yule aliyeshikilia wiki mbili tu mwenzake alipougua malaria. Tulipohama jengo niliona madaftari hayo yakichomwa nyuma ya choo, pamoja na mabaki ya lakiri na magunia mabovu. Nilikuwa kijana, sikusema neno.

Ndiyo maana nakuomba uzitazame bahasha moja moja, kwenye mwanga wa dirisha. Tafuta zenye mistari ya buluu iliyokatishana. Hizo ni za rejista, na zina kibandiko chenye herufi R, namba na jina la posta. Risiti yake, kama imo, ina sahihi ya karani. Halafu geuza, kwa sababu posta iliyopokea ilikuwa ikigonga muhuri wake kwa nyuma. Kumbuka kwamba kabla ya 1963 hapakuwa na reli ya kuunganisha Tanga na Dar es Salaam, kwa hiyo barua ya Mombo kwenda Dar ilibidi iache garimoshi mahali fulani, na muhuri wa nyuma unaweza kukuonyesha ni wapi.

Msizibane kwa pini wala selotepu. Ziwekeni kwenye karatasi kavu, mbali na mende, kisha nitumie picha za zile za rejista, pande zote mbili.