Namba 12, nyekundu

Mwanangu Salim,

Waalaykumu salaam. Sisi hatujambo. Mama yako mzima, goti ni lilelile. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na zile picha mbili nimezikuza mpaka herufi zikawa kama za ubao wa madrasa. Unauliza hivi: "Baba, kati ya hizi tovuti mbili za sloti, yaani dubwi za mtandaoni, ipi itanilipa kweli nikishinda? Naweka pauni hamsini, wananiongeza hamsini ya bonasi. Wewe umekaa Leicester miaka kumi na sita, utajua."

Kumi na saba, lakini tusigombane.

Picha ya kwanza achana nayo. Nimeona alama ya kadi ya mkopo pale kwenye njia za kuweka pesa. Tangu tarehe 14 Aprili 2020 kampuni yenye leseni ya Uingereza haina ruhusa ya kupokea kadi ya mkopo kwa kamari. Ukiiona tu, ujue hao wako nje ya sheria unayodhani inakulinda. Tena bonasi yao wanataka uizungushe mara 40, yaani ucheze dau za kufika mara 40 ya bonasi kabla hujaruhusiwa kuitoa, na wenye leseni tangu Januari 2026 hawaruhusiwi kuvuka mara 10. Halafu wakanimaliza kabisa pale wanapojisifu kwamba mtu aliyejifungia kwa GamStop, ule mfumo wa kujizuia mwenyewe kucheza mtandaoni, wao watampokea. Huyo ni muuza gongo aliyejenga banda mkabala na hospitali.

Picha ya pili ina namba ya leseni kule chini kabisa, kwa herufi za sisimizi. Nimeitafuta kwenye rejista ya Tume ya Kamari, wale wa Birmingham wanaotoa leseni, nikaikuta, na anwani ya tovuti imeandikwa humo vilevile. Hao wanatakiwa wajue jina lako na umri wako kabla hujacheza. Ukiona tovuti inakuachia uweke pesa leo bila swali, kisha inaanza kudai pasi na bili ya umeme siku unayotaka kutoa, hapo pana walakini. Ukishinda, serikali ya kule haikukati kodi. Kwa hiyo jibu lako ni hilo: hao wa pili watakulipa.

Sasa mimi silali, kwa sababu swali lako limenikuta pabaya. Unaogopa wasikulipe. Mimi walinilipa, Salim. Na hapo ndipo nilipopotelea.

Unaijua cherehani ya mama yako. Naisikia hapa ninapoandika, anamalizia kanzu za vijana wa maulidi, na kila akifika kwenye pindo inakohoa kama mzee. Mama yako anaamini niliinunua kwa ovataimu. Baba yako mdogo Hamza anaamini hivyo pia, na alinisifu mbele za watu siku ile tuliyokula pilau pale nyumbani Highfields. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukashika boksi lake ukafanya gari.

Ilikuwa Novemba 2011. Nimetoka zamu ya usiku kiwandani kwenye mikate, mvua ya kule unaijua, haikunyeshei, inakukalia. Basi likanipita. Kando ya kituo palikuwa na duka la kubeti, limefunguliwa, lina joto, lina viti. Wallahi niliingia kukwepa mvua. Ndani mashine nne zimepangwa ukutani, kila duka liliruhusiwa nne, na zote zinacheza ruleti ya kwenye kioo, lile gurudumu la namba. Nikaingiza noti ya ishirini. Kumi nikaweka kwenye namba 12, kwa ajili ya Barabara ya 12 ya Ngamiani, nyumbani kwa bibi yako. Likazunguka, likasimama 28.

Kwenye gurudumu lile 28 na 12 ni majirani wa ukuta mmoja. Nikajiambia, nimekaribia. Mwanangu, hakuna kukaribia. Mashine haikumbuki. Haijui kwamba umeikosa 12 kwa unywele, haijui kwamba 12 haijatoka tangu asubuhi, haikujui wewe wala barabara ya bibi yako. Lakini nani angeniambia hayo saa mbili asubuhi na soksi zimelowa? Nikaweka kumi ya mwisho palepale. Kipira, ambacho hata si kipira, ni mchoro tu, kikatambaa, kikaruka, kikaketi kwenye 12, nyekundu.

Dada wa kaunta akanihesabia noti kumi na nane za pauni ishirini. Alikuwa analamba kidole kila baada ya noti tatu. Nitasema kweli kwa kuwa umeshakuwa mtu mzima: mpaka leo nikikumbuka kile kidole, mwili unanisisimka. Si vizuri lakini ndivyo. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, mvua hiyohiyo, sikuihisi. Mchana nikaenda kununua cherehani. Zilizobaki nikazitenga kwenye bahasha, nikaziita za mtaji.

Umeona neno hilo? Mtaji.

Miezi kumi na minne nikawa mwanafunzi wa mashine. Wakati ule mtu aliruhusiwa kuweka mpaka pauni 100 kwa mzunguko mmoja, na mzunguko sekunde ishirini. Nilikuwa naandika kwenye kile kidaftari cha zamu, nimekula kiasi gani, nimeliwa kiasi gani. Mwezi wa Machi nikaacha kuandika. Kuacha kwenyewe kulitosha kuwa hesabu.

Safari ya shule ya Ufaransa uliyoikosa, nilikwambia pasi yako haijatoka. Ilikuwa imetoka. Ilikuwa kwenye kabati la viatu, ndani ya mfuko wa nailoni. Ulikaa dirishani ile asubuhi wenzako wanapita na mabegi, ukanambia, "Basi mwakani, Baba." Sijui kama unakumbuka. Usinijibu hilo kwa simu.

Niliacha vipi? Si kwa ushujaa. Nilikwenda kwa yuleyule dada wa kaunta nikaomba fomu ya kujifungia. Akaichukua picha yangu, akaibandika kwenye faili, akanambia kwa upole kwamba hii ni ya kwao tu. Mtaa ule ulikuwa na maduka manne, ya kampuni tofauti. Nikajifungia mlango mmoja, mitatu wazi. Siku hizi kwa mtandaoni kuna GamStop, unajiandikisha mara moja na tovuti zote zenye leseni zinakukataa, miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano, unachagua mwenyewe, na ukishachagua huwezi kuifuta katikati hata ulie. Mimi ilinibidi nibadilishe njia ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana nilikuwa nazunguka kule msikitini kwanza, na mama yako akadhani nimeongoka.

Mwezi wa Aprili 2019 wakashusha dau la mashine zile, kutoka pauni 100 mpaka 2. Mimi nimesharudi Tanga, nimekaa barazani, nikasoma habari hiyo kwenye simu nikacheka peke yangu mpaka jirani akauliza kuna nini. Wangeshusha mapema ungeiona Ufaransa. Halafu nikajisuta, mguu ulikuwa wa nani ulioingia mle? Wangu. Lakini mia kwa sekunde ishirini, mkono wa nani uliopanga vile, mbele ya watu wanaotoka zamu za usiku? Nikiwaza hivi nawalaumu wao, nikimkumbuka mtoto dirishani najilaumu mimi, na sijafika mwisho wa kesi hii mpaka leo.

Basi turudi kwenye hamsini yako, tufanye hesabu kama watu. Ukifungua maelezo ya sloti yenyewe utaona asilimia inayorudi kwa wachezaji. Tuseme 96. Watu wanaisoma vibaya, wanadhani ukiweka hamsini utatoka na arobaini na nane. Hapana. Ni asilimia ya kila mzunguko. Mfano wake chai ya moto unapoipoza kwa kuimimina kikombe hiki kwenda kile: kila ukimimina, kidogo kinabaki ukutani mwa kikombe. Bonasi ya 50 kuizungusha mara 10 ni pauni 500 za mizunguko, na nne katika kila mia zinabaki kwao, yaani 20 kwa wastani. Wale wa picha ya kwanza, mara 40, ni pauni 2,000, kwao zinabaki 80. Wamekupa hamsini ya zawadi, ukailipia themanini. Na wastani ni wa wengi. Wewe mmoja unaweza kumaliza zote robo saa ya kwanza. Tena uangalie asilimia hiyo kwenye tovuti unayochezea, usiangalie kwa jirani, maana sloti ileile, jina lilelile, huku inaweza kuwa 96 na kule 94.

Wamewabana siku hizi, nakiri. Mzunguko wa sloti haupungui sekunde mbili na nusu, ile ya kujizungusha yenyewe imepigwa marufuku tangu 2021, hata vigelegele vya kukushangilia wakati umeliwa vimekatazwa. Tangu Aprili 2025 dau lako wewe halizidi pauni 5 kwa mzunguko. Mdogo wako Idi, kwa kuwa bado hajafika ishirini na tano, mwisho wake ni 2, na asikudanganye achezee akaunti yako. Nakujua, huwezi kumkatalia Idi kitu.

Hata hivyo pauni moja kila sekunde mbili na nusu, zile mia tano unazimaliza kwa dakika ishirini na kitu. Chai haijapoa.

Ukiamua kucheza, na nasema ukiamua, weka kikomo cha kuweka pesa kabla ya kuzungusha mara ya kwanza, siyo baada. Kukishusha ni papo hapo, kukipandisha wanakusubirisha angalau saa 24, na saa hizo 24 ndizo mimi sikuwa nazo. Benki yako nayo ikiwa na kitufe cha kuzuia malipo ya kamari kwenye kadi, kijue kilipo leo wakati akili imetulia. Ukishinda, toa siku hiyohiyo. Usiache salio likikutazama. Na usiwahi kusema "inanidai" au "naidai". Mashine haikumbuki. Hainidai, siidai, ingawa kuna usiku hapa Tanga, vijana wakipigapiga dubwi pale kwenye kibanda cha pembeni na sarafu zikimwagika, nasimama dirishani kama mtu aliyeitwa jina.

Umesema ni ya kujiburudisha tu, pauni ishirini kwa wiki, mwenzako anakunywa zaidi ya hizo Ijumaa moja. Sina la kukujibu hapo. Ishirini ni ishirini, na wewe unafanya kazi, huli vya mtu. Wapo wanaocheza za ishirini maisha yao yote na wanalala. Nimewaona, wazee wa Kizungu, dau la senti kidogo na gazeti mkononi, wakimaliza wanakwenda zao. Labda wewe ni wa hao. Labda. Ila bahasha yangu nayo ilianza kwa ishirini.

Aya ya Surat al-Maida unaijua, maalim wako alikupigia fimbo kwa ajili yake. Hukuniuliza halali na haramu, umeniuliza nani analipa, na nimeapa kujibu ulichouliza. Ulimi wangu nimeubana kwa meno. Unaujua ungesema nini.

Mama yako amesimamisha cherehani sasa hivi. Sindano imevunjika tena, ya tatu wiki hii, hizi za sokoni hapa ni bati tupu. Amesema nikuandikie umtafutie zile nzuri za huko, namba 14, pakiti mbili, umpe Baba mdogo Hamza akija mwezi ujao. Kama ile hamsini bado iko mfukoni, itatosha na chenji itabaki. Na hilo la ovataimu bado sijamwambia. Nikikata shauri nitamwambia mwenyewe, wewe mpe sindano tu.

Baba yako
Tanga