Maswali na majibu: Unyayo ukiuma katikati

Shikamoo daktari. Nacheza winga, timu ya mtaani Mikindani. Beki aliniangukia kisigino wakati vidole vyangu viko chini. Nimeshachuliwa mara mbili. Kifundo hakiumi, ila katikati ya unyayo panawaka nikikanyaga. Si kuteguka tu?

Marahaba. Sidhani. Vidole vimegota ardhini, kisigino kiko juu, halafu uzito wa mtu unashuka kwa nyuma: jointi za katikati ya unyayo huumia hasa kwa namna hiyo. Zinaitwa jointi za Lisfranc, kwa jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa aliyetumikia jeshi la Napoleon. Hapo pana kano nene inayofunga mfupa mrefu wa kidole cha pili na kifupa kilicho upande wa kidole gumba. Ikikatika, mifupa huachana na tao la unyayo hulala.

Geuza mguu uangalie chini. Damu iliyovilia katikati ya unyayo ni dalili ambayo siidharau hata siku moja, ingawa kwako huenda imeshafifia. Dalili nyingine ni kushindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo, usijilazimishe kujaribu. Kuchua acha leo, maana hakuungi kano na kunaweza kusogeza mfupa uliolegea. Tafuta magongo, usiukanyagie mguu huo, uende hospitali ya Ligula, Mtwara, ukapigwe picha.

Mchezaji wangu aliumia unyayo, akapigwa eksirei, tukaambiwa hakuna kilichovunjika. Mbona bado anachechemea? Kocha, Ruangwa.

Alipigwa amelala au amesimama? Huuliza hivyo kila mara, kocha, na wewe uulize hivyo hivyo hospitali. Mtu akilala, mifupa iliyoachana inaweza kurudi mahali pake na picha ikatoka safi kabisa. Omba picha ya kusimama, miguu yote miwili kwa pamoja, ili mguu usioumia uwe kipimo cha ule ulioumia. Nafasi ya zaidi ya milimita 2 kati ya mifupa ile miwili niliyoitaja juu hutia shaka, hasa kama upande wa pili haiko. Kama maumivu hayamruhusu kusimama, afungwe mguu, atumie magongo, picha irudiwe baada ya wiki moja au mbili. CT scan huonyesha vipande vidogo vya mfupa, MRI huonyesha kano yenyewe. Hapo mtahitaji barua ya rufaa, kwenda Hospitali ya Kanda ya Kusini au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Pikipiki imenilalia mguu. Umevimba, umekaza, vidole vinakufa ganzi. Bodaboda, Lindi.

Huyu nilimjibu kwa simu, sikungoja gazeti. Uvimbe unaokaza hivyo unaweza kubana damu isifike kwenye nyama za mguu. Ni dharura, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Binti yangu anacheza netiboli, Nachingwea, naye ameumia jointi hizo hizo. Lazima apasuliwe? Na atarudi lini uwanjani?

Si lazima, mama. Kama mifupa haijaachana hata akisimama, hufungwa hogo (plasta ngumu) au kiatu maalumu kwa kama wiki 6, bila kukanyagia, na picha hurudiwa katikati ya safari. Ikiwa imeachana, hogo peke yake halitoshi: huwekwa skrubu au vyuma bapa, na baadhi ya wapasuaji huziunganisha jointi hizo zisicheze tena. Skrubu zinazopita kwenye jointi mara nyingi hutolewa baada ya miezi kadhaa, kwa sababu zinaweza kukatika.

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ya mwaka huu asahau. Bila upasuaji, wengi huhitaji miezi 3 hadi 4. Kwa upasuaji, miezi 6 hadi 12, na wapo wasiorudia kasi yao ya zamani. Akirudi haraka, jointi husagika na maumivu humfuata ukubwani. Aanze na baiskeli na kuogelea, kisha kutembea, ndipo kukimbia. Kuruka na kutua kwa mguu mmoja kuje mwisho kabisa, hata kama mwalimu wa michezo ana haraka.