Binti kwenda kusoma Maseno: ni siasa ipi ya kuogopa?

Salamu mama. Nimesoma swali lako: binti ana alama za kumwingiza Chuo Kikuu cha Maseno, kaunti ya Kisumu, baba yake anakataa kwa sababu "Kisumu ni siasa tupu", anataka abaki karibu nanyi hapo Nakuru, iwe Chuo Kikuu cha Egerton au cha Kabarak. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru na nilisomea chuo cha umma upande wa ziwa. Jina la chuo naliacha, maana si yote nitakayosema ni ya kusifu.

Hofu ya mzee haikutoka hewani. Agosti 2017, matokeo ya urais yalipotangazwa, Kisumu ilichafuka na watu wakafa. Lakini muulize kwa upole Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru ilikuwaje. Na tarehe 25 Juni 2024, vijana walipotoka kupinga Mswada wa Fedha, vitoza machozi vilirushwa Kisumu, Nakuru na Eldoret vilevile. Ukiamua kukwepa kila mji wenye siasa, hapa Kenya hutabaki na pa kumpeleka mtoto. Isitoshe, Maseno haiko Kisumu mjini. Iko kwenye barabara ya Busia, pale Kisumu inapopakana na Vihiga, jirani na soko la Luanda. Kondele, mtaa wa Kisumu mjini, kukiwaka, si lazima chuo nacho kiwe kinawaka.

Kuhusu kabila, nitasema wazi kwa sababu najua ndilo mzee analozungukia. Jina langu hunitangaza kabla sijafungua kinywa. Nilitaniwa, naam, na mwaka wa uchaguzi utani ulikuwa na makali kidogo. Mama mwenye ploti niliyopanga aliniita akaniambia, "Mwanangu, wiki ya kura nenda kwenu, chumba chako nitakufungia." Nilienda, na wenzangu wa hukohuko ziwani pia walienda kwao. Tuliporudi tulikuta godoro zetu zilivyokuwa. Huyo mama hadi leo tunapigiana simu.

Kilichonipotezea muda chuoni ni siasa ya chuo chenyewe, na hiyo wazazi hawaiulizi.

Sheria ya vyuo vikuu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mwanafunzi wa kawaida aliondolewa kumpigia kura moja kwa moja rais wa chama cha wanafunzi. Kila idara au kitivo kikawa kinachagua wajumbe wachache, na hao ndio wakawa wanachagua viongozi. Nia ilikuwa kupunguza fujo. Kwetu ilipunguza bei tu: badala ya kuhonga maelfu ya wanafunzi, unahonga wajumbe wachache. Usiku wa kuamkia kura wajumbe walitoweka, tukasikia wamelazwa hoteli mjini, simu zimezimwa. Hela zilitoka wapi? Kila mtu alikuwa na jina la mheshimiwa fulani mdomoni. Wanasiasa wanapenda vyuo kwa sababu humo mna kura, mna vijana wa kujaza mabasi ya mikutano, na mna sauti za kupiga kelele bila kulipwa vizuri.

Sasa viongozi waliopatikana hivyo, maji yakikauka hosteli wiki nzima au alama za mtihani zikipotea, hawana wa kumjibu. Wanafunzi wanakosa pa kusemea, mtu anapiga filimbi usiku, mawe yanafika barabarani, asubuhi seneti ya chuo inakifunga na mnaambiwa muwe mmetoka kabla ya adhuhuri. Mtoto wa Mandera au Kwale hana nauli, lakini lazima atoke. Mkirudi, kila mmoja analipia vioo vilivyovunjwa, hata aliyekuwa maktaba.

Kwa hivyo, mama, ulizeni haya kwa wanafunzi walioko ndani, tena wa mwaka wa tatu au wa nne, si wale wa kwanza ambao bado wanapiga picha langoni. Chuo kilifungwa lini mara ya mwisho, na kwa nini? Malalamiko ya alama yanachukua muda gani? Mkuu wa wanafunzi, yule afisa wa chuo anayewasimamia, hupatikana ofisini au husikika kwenye vikao vya nidhamu tu? Waliojiunga mwaka mmoja wamehitimu pamoja? Majibu ya hilo la mwisho yatakwambia mengi kuliko ramani ya kura.

Halafu kuna siasa ya mishahara. Mgomo wa wahadhiri ulioanza Septemba 2025, wakidai shilingi bilioni 7.9, ulivuka hadi Novemba, na uligusa vyuo vya umma kote. Egerton ni ya umma kama Maseno, hivyo kumweka binti Njoro, iliko Egerton, hakumkingi na hilo. Kabarak, kwa kuwa ni ya binafsi, kalenda yake haitegemei mazungumzo hayo na serikali, lakini mnajua karo yake. Pia ni chuo cha Kikristo chenye masharti yake ya maisha, na kwa binti mwenye msimamo na mdomo, nayo ni hali ya kupimwa. Utulivu si jambo baya, mradi yeye ndiye anautaka.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Popote atakapokuwa, tengeni nauli mapema na mkubaliane ajiandikishe wapi kama mpiga kura, kwa maana watakuja kuwaandikisha hukohuko chuoni, na akijiandikisha huko, wiki ya kura atalazimika kuwa huko.

Umeuliza pia kama anaweza kuhama akishaingia. Ndiyo, KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hufungua dirisha la uhamisho baada ya kuwapangia nafasi, ila chuo anachokitaka kiwe na nafasi, naye awe amefikisha alama za mwisho za kozi hiyo kwa mwaka wake. Dirisha halikai wazi muda mrefu, kwa hivyo mzee na binti wamalize mjadala wao kabla halijafunguliwa.