Maswali na Majibu: Mashine ya Silinda katika Bustani Ndogo

Swali: Nina bustani ndogo ya ukoka, yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 hivi. Nilinunua mashine ya umeme ya kukatia nyasi, ya aina ya silinda, iliyokwisha kutumika, na mwanzoni ilinifurahisha sana kwa sababu ni nyepesi na haina kelele nyingi. Siku hizi inalaza nyasi badala ya kuzikata, na zile inazofanikiwa kuzikata hubaki na ncha zilizochanika, ambazo baada ya siku mbili hukauka na kuifanya bustani nzima ionekane imepauka. Jirani ameniazima tupa ili nivinoe visu. Je, nivinoe?

Jibu: Ndugu msomaji, tafadhali mrudishie jirani tupa yake kabla hujagusa kisu hata kimoja. Mashine yako hukata kama mkasi. Visu vilivyo kwenye silinda, ambavyo kwa kawaida huwa vitano au sita na vimepinda mithili ya mistari ya parafujo, hupita karibu kabisa na kisu kingine kilichotulia chini, na jani linalonaswa kati ya makali hayo mawili ndilo linalokatwa. Ni tofauti kabisa na mashine ambayo kisu chake huzunguka kama pangaboi na kulipiga jani kwa kasi, jinsi fyekeo linavyofanya. Mwingereza Edwin Budding, aliyepata hataza ya mashine ya silinda mwaka 1830, alilichukua wazo lake kutoka viwanda vya nguo, ambako silinda yenye visu ilitumika kunyoa vinyweleo vilivyosimama juu ya kitambaa cha sufu ili kiwe laini. Ukikumbuka kwamba mashine hii ilitokana na kinyozi wa vitambaa, utaelewa kwa nini haivumilii hata nafasi ndogo mno kati ya makali yake.

Kwa hiyo chunguza kwanza kama visu vinakutana. Chomoa plagi kwenye soketi, vaa glavu nene, ilaze mashine ubavu, kisha ingiza ukanda wa karatasi ya gazeti kati ya kisu cha chini na kimoja cha visu vya juu, na uizungushe silinda polepole kwa mkono. Weka vidole vyako mbali na makali yote, kwa sababu ukisogeza kisu kimoja vyote husogea pamoja, na watu wengi wamejikata wakati mashine ilikuwa haina umeme kabisa. Karatasi inapaswa kukatwa safi mwanzo hadi mwisho wa kila kisu. Ikikunjwa tu bila kukatwa, makali yameachana. Ikikatwa upande mmoja na kukunjwa upande mwingine, silinda imekaa mshazari.

Dawa yake ni skrubu za kurekebishia zilizo kwenye ncha mbili za silinda au za kisu cha chini, kutegemea muundo wa mashine. Zikaze kidogo sana, tuseme moja ya nane ya mzunguko, kwanza upande mmoja na kisha upande wa pili, na urudie jaribio la karatasi kila mara. Uvumilivu unahitajika hapa kuliko nguvu. Anayekaza kupita kiasi akidhani kwamba kubanana zaidi ni kukata zaidi huishia na vyuma vinavyosagana, mota inayopata moto na makali yanayokwisha kabla ya wakati wake. Silinda iliyorekebishwa vizuri huzunguka kwa urahisi na kutoa mlio mwepesi tu wa makali kugusana.

Ikiwa baada ya marekebisho hayo karatasi bado haikatwi, hapo ndipo makali yamekuwa butu kweli. Hata hivyo tupa si chombo chake, kwa sababu silinda ni lazima ibaki mviringo kamili, na mkono wa mtu hauwezi kupunguza visu sita vilivyopinda kwa kiasi kilicho sawa. Kama ubutu ni mdogo, makali hupakwa mafuta mazito yaliyochanganywa na unga wa kusagia vyuma, kisha silinda huzungushwa kinyumenyume hadi makali yote mawili yanoane yenyewe, na baada ya hapo husafishwa pasibaki chembe ya unga huo. Kama kisu kimepinda au kimemeguka kwa kugonga jiwe, mpelekee fundi mwenye mashine ya kunolea silinda. Kabla ya kila ukataji, pita bustanini ukiokota mawe na vijiti. Kazi hiyo ya dakika chache huongeza maisha ya visu kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Swali: Nilisafiri kwa wiki kadhaa na nyasi zikawa ndefu kama kiganja. Mashine yangu ya silinda imeacha mawimbi katika bustani yote, na mahali pengine udongo uko wazi. Kosa ni langu au la mashine?

Jibu: Mashine haina kosa. Nyasi ndefu husukumwa na kulazwa na sehemu ya mbele kabla hazijafika kwenye visu, ndiyo maana mwenye silinda analazimika kukata mara kwa mara, walau mara moja kwa wiki nyasi zinapokua kwa kasi. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja, kwa kuwa jani ndilo linaloulisha mzizi. Zikiwa zimefika milimita 90, zishushe kwanza hadi 60 kwa mkasi mkubwa wa bustani, kwa sababu mashine nyingi ndogo za silinda hazipandishwi kufikia kimo hicho; zipumzishe siku kadhaa, zishushe tena hadi 40, na ndipo uirudishe mashine ikiwa kwenye kimo chake cha juu.

Mawimbi yana sababu nyingine pia. Katika mashine ndogo ya umeme, mota huizungusha silinda kwa kasi ileile hata ukitembea vipi, kwa hiyo ukiharakisha, kila kisu hukata mbali na mahali kilipokata chenzake, na kati yao hubaki mstari wa majani marefu. Tembea polepole, na kila wiki ubadilishe mwelekeo. Pale udongo ulipoonekana ni kwenye vinundu: tandaza udongo uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga kwenye vibonde vinavyovizunguka, tabaka jembamba kila mara ili usizizike nyasi, hadi ardhi isawazike.

Swali: Naogopa kuukata waya wa umeme. Nitembeeje?

Jibu: Hofu yako ni ya haki kabisa. Anzia karibu na soketi na uende ukijitenga nayo, ukikata kwa mistari inayokingama, ili waya ubaki daima upande uliokwisha kukatwa. Upitishe pia juu ya bega ili usijikokote mbele ya silinda. Soketi iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, nacho ukijaribu kwa kitufe chake kabla ya kuanza. Kama unatumia waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye gurudumu, ufungue wote, kwani waya uliojikunja hupata moto. Usikate nyasi zikiwa na umande au mvua, na usiivute mashine kurudi nyuma kuelekea miguuni mwako. Waya ukikatika, usiuguse wala usiiguse mashine mpaka uende soketini na kuchomoa plagi, na baadaye uweke waya mzima mpya badala ya kufunga jeraha kwa utepe.

Swali: Je, mistari ya rangi mbili inayoonekana kwenye ukoka uliokatwa hupatikana kwa kukata vimo viwili tofauti?

Jibu: Hapana. Hutokana na rola ya nyuma, inayolaza majani kuelekea unakokwenda. Yaliyolala kukuacha huonekana mepesi kwa rangi, na yanayokuelekea huonekana meusi zaidi. Mashine yenye magurudumu tu nyuma, bila rola, haitakupa mistari hiyo iliyo wazi.