Kabla ya Kubishana na Wazo, Tafuta Hisia Ilikotoka

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akitaka mbinu ya kuziweka hisia kando ili afikiri sawasawa, kwa kuwa anajiandaa kushika uongozi. Nilikaa na swali hilo siku mbili, kwa sababu miaka michache iliyopita ningemjibu papo hapo na kwa majigambo, na jibu langu lingempotosha.

Wakati huo nilikuwa nimezama katika mafundisho ya Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani ambaye katika miaka ya 1960 alieleza jinsi watu wenye sonona wanavyosumbuliwa na mawazo yanayojileta yenyewe, na jinsi huzuni inavyoweza kupungua mgonjwa akijifunza kuyakamata mawazo hayo na kuyapima kwa ushahidi. Mafundisho hayo ni mazuri, lakini mimi niliyabeba nusu: nikaamini kwamba fikra ndiyo bwana na hisia ni mtumwa wake. Niliwahubiria hivyo wenzangu kazini, nao wakanisikiliza, jambo ambalo nakiri lilinipendeza kupita kiasi.

Kisha, usiku mmoja, mkuu wetu wa kitengo alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Tuonane kesho asubuhi." Nilikuwa nimemuuguza mwanangu siku tatu bila kulala ipasavyo, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio, lakini nilipousoma ujumbe ule nilisadiki kwamba ndio ulionitetemesha. Hapo akili yangu, ile niliyojivunia, ikaanza kazi. Ilinikumbusha kikao ambacho mkuu hakunitazama, ripoti aliyoirudisha bila neno, salamu aliyoiitikia nusunusu. Kila wazo nililipima kama nilivyofundishwa, na kila wazo likashinda, maana mashahidi wote walioitwa walikuwa wa upande mmoja. Saa nane za usiku nilimpelekea barua pepe ndefu, iliyopangika vizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, nikijitetea dhidi ya tuhuma ambazo hakuna aliyezitoa.

Asubuhi aliniambia kwamba alikuwa ameniita anikabidhi mradi mpya. Mradi ule alipewa mwenzangu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuandika mapendekezo. Mkuu aliongeza kwamba sina ukomavu, neno ambalo hadi leo likitamkwa mbele yangu hunichoma, na bado sidhani kwamba lilikuwa la haki.

Baadaye ndipo nilipoelewa nusu niliyoiacha. Mwaka 1981 Gordon Bower, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jinsi hali ya moyo inavyovuta kumbukumbu zinazofanana nayo, hivyo mwenye huzuni huyakumbuka ya huzuni kwa urahisi zaidi. Mashahidi wangu wa usiku ule hawakuja kwa bahati. Kabla yake, mwaka 1962, wanasaikolojia Stanley Schachter na Jerome Singer waliwadunga watu adrenalini, homoni inayoufanya moyo uende mbio, na wale ambao hawakuambiwa jinsi dawa ingewafanya mwilini walielekea kuifuata hali ya mtu waliyeketi naye, awe mchangamfu au mwenye hasira. Waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo yaleyale kila mara, nami siegemezi kila kitu juu yake, lakini swali lake ndilo nililolikosa: mwili ukishtuka, nani ameuambia moyo sababu?

Wanasaikolojia wengine, Norbert Schwarz na Gerald Clore, walilisogeza mbele swali hilo mwaka 1983. Walipowapigia watu simu, waliohojiwa siku ya jua walisema wameridhika na maisha yao kuliko waliohojiwa siku ya mvua; lakini mhojaji alipotangulia kuuliza habari za hali ya hewa, tofauti ile ilitoweka. Laiti mtu angeniuliza usiku ule nimelala kwa saa ngapi!

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiombe uondolewe hisia. Omba ujue zilikotoka. Kabla ya kulipima wazo, pima mwili uliolizaa: umelala, umekula, umetoka kugombana na nani? Andika jibu kwenye karatasi, kisha uandike tena baada ya saa moja. Usijibu ujumbe usiku. Narudia, usijibu ujumbe usiku, hata kama hoja zako zinakaa sawa. Hoja zinazokaa sawa kupita kiasi saa nane za usiku ndizo za kutiliwa shaka kwanza. Wengi mnaotaka kupanda vyeo mnajifunza kusema vizuri na kupanga kazi, huku hamjui hata mnapokuwa na njaa.

Mwezi uliopita mkuu mwingine, katika kazi nyingine, aliniandikia jioni kwamba kesho tuzungumze kuhusu ripoti yangu. Moyo ulinidunda vilevile. Niliandika kwamba sijala tangu asubuhi na kwamba nimekuwa na maumivu ya kichwa, nikala, nikalala. Ripoti ilikuwa mbaya kweli, tena kurasa nne nzima zilihitaji kuandikwa upya, nami nilimsikiliza hadi mwisho nikiwa na kalamu mkononi.