Dar hadi Mbeya kwa pikipiki ya cc 150

Kaka, umesema ukifika Chalinze tu makalio yanawaka moto na mikono inakufa ganzi, na bado unataka kufika Mbeya. Inawezekana, ila ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo lala Iringa.

Siti kwanza. Usiongeze sponji laini juu; inabonyea mapema na unabaki umekalia chuma. Mwambie fundi viti aweke sponji ngumu, pana kwa nyuma. Ganzi ya mikono mara nyingi inatokana na kung'ang'ania usukani huku injini unaikamua. Punguza mwendo mpaka mtetemo utulie, legeza vidole.

Kwenye cheni sina mzaha. Simamisha stendi kubwa, sukuma cheni ya chini kwa kidole, katikati ya sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni: icheze kama sentimita mbili hadi tatu. Zungusha tairi, pima tena. Ikikaza hapa na kulegea pale, imekwisha. Nunua seti nzima na sproketi zake. Oili chafu ya injini usiipake, ina vumbi la chuma. Oili ya gia namba 90 inatosha. Ipake jioni cheni ikiwa bado ina joto, iingie usiku kucha.

Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi ya wanyama, nenda polepole, pundamilia hana indiketa. Mlima Kitonga panda na gia ndogo. Na beba koti zito hata kama Dar unatoka jasho, baridi ya Makambako si ya utani.