Kabla hujaniuliza programu ipi ya 3D ni kali

Haipiti wiki bila kijana kuniuliza kuhusu programu za 3D, zile za kutengeneza picha za vitu vyenye urefu, upana na kina: "Kaka, kati ya Maya, Blender na Cinema 4D, ipi ni kali?" Nami humrudishia swali: laptopi yako ina RAM kiasi gani, na kwenu umeme unakatika mara ngapi? Wengine hudhani namkwepa.

Mimi nilianza vibaya. Nilisikia kuwa studio kubwa za filamu zinatumia Maya, basi nikaitaka Maya, ingawa kazi nilizokuwa napata ni nembo za maduka zinazozunguka. Leseni sikuiweza. Nikauziwa flashi yenye programu iliyovunjwa kinga, kwa shilingi elfu kumi. Baada ya miezi miwili laptopi ikajaa virusi, mafaili hayafunguki, na tangazo la mteja limo humohumo. Malipo ya awali nilishayala. Nilimrudishia kidogo kidogo kwa miezi mitatu, na kila nikipita karibu na duka lake navuka barabara.

Ndipo nikaenda Blender, na sikwenda kwa mapenzi, nilikwenda kwa sababu ni ya bure. Baadaye nikajua kisa chake. Aliyeianzisha ni Mholanzi, Ton Roosendaal. Kampuni iliyokuwa ikiiuza ilipofilisika mwaka 2002, watu wakachangishana euro 100,000 ndani ya wiki saba ili msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uwe wa wote. Kwa fundi wa mtaani maana yake ni nyepesi: hakuna leseni ya mwezi itakayokwisha katikati ya kazi, na unachotengeneza ni chako, uza utakavyo.

Ila bure nayo ina mambo yake. Toleo la 2.80, la mwaka 2019, liligoma kabisa kwenye laptopi yangu kwa sababu chipu ya picha ilikuwa ya zamani. Nikashusha 2.79 kutoka tovuti yao wenyewe, maana matoleo ya nyuma wameyahifadhi. Tatizo likawa masomo. Mwalimu wa YouTube anabofya kushoto kuchagua kitu, kwangu ni kulia. Wanafunzi wa Blender duniani kote huanza kwa kutengeneza donati. Yangu ilitoka kalimati. Kwa hiyo ukiwa na mashine kuukuu, tafuta masomo ya toleo lako, usifuate mapya.

Sasa kurenda, yaani kompyuta kugeuza ulichounda kuwa picha kamili, ambako ndiko pesa na usingizi vinakopotelea. Piga hesabu: tangazo la sekunde 30, kwa fremu 24 kila sekunde, ni fremu 720. Fremu moja ikichukua dakika 5, hizo ni saa 60. Siku mbili na nusu mashine inanguruma, na wewe unaomba umeme usikatike. Utakatika tu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kurenda moja kwa moja kuwa video. Umeme ukakatika saa tisa usiku, faili likaharibika lote. Toa picha za PNG moja moja, kisha uziunge mwishoni. Umeme ukirudi unaendelea na fremu iliyofuata. Ushauri huu peke yake umeniokoa kuliko programu yoyote.

Na ndani ya Blender kuna mitambo miwili mikuu ya kurenda. Cycles hufuata mwanga ulivyo, hivyo picha ni nzuri lakini inakwenda kinyonga. Eevee, iliyokuja na hiyo 2.80, hukadiria mwanga na humaliza haraka mno. Usiidharau Eevee. Filamu ya Latvia iliyopata Oscar ya katuni ndefu mwaka 2025 ilitengenezwa kwa Blender na kurendiwa kwa hiyohiyo.

Je, kila mtu atumie Blender? Hapana. Ukitaka kuajiriwa studio yenye watu wengi, jifunze Maya. Autodesk, kampuni yenye Maya, huwapa wanafunzi leseni ya bure, kwa hiyo ukiwa chuoni usikubali flashi ya elfu kumi. Anayechorea wasanifu majengo ataulizwa SketchUp au 3ds Max, na hii ya pili haifanyi kazi kwenye Mac, jambo ambalo rafiki yangu alilijua baada ya kununua Mac. Moshi na maji mengi ni Houdini. Wana toleo la bure la kujifunzia, lakini linatia alama kwenye picha na si la biashara.

Lakini kabla ya yote hayo, mwangalie jirani. Ukikwama saa nne usiku, nani utampigia? Kama mwenzako pale mtaani anatumia Cinema 4D na ana moyo wa kufundisha, huyo ana thamani kuliko orodha ya sifa.

Ukibaki njia panda, chukua kitu kimoja cha nyumbani na ukitengeneze kwenye programu mbili, wiki moja kila moja. Mimi nilichagua mbuzi ya kukunia nazi: ina mbao, ina chuma, tena inakunjwa, kwa hiyo utajaribu na animesheni. Nilipomaliza nikamwita mama aione. Akaitazama kwa muda, akauliza: "Meno yametazama chini, hiyo nazi utaikuna umelala?"